NGC 346: nyota changa kwenye galaksi maskini ya jirani

Ukiwa pwani ya Mafia, Kilwa au Mtwara usiku wa Novemba, kati ya saa mbili na saa nne, mwezi ukiwa haujachomoza, geukia kusini. Anza na nyota iitwayo Achernar: nyeupe yenye kuelekea buluu, inang'aa peke yake bila jirani wa maana. Jina lake lina asili ya Kiarabu, maana yake mwisho wa mto. Nyoosha mkono, kunja ngumi, shuka ngumi moja na nusu kuelekea upeo wa macho, ukipinda kulia kidogo. Hapo pana doa la ukungu, upana wa vidole vitatu hivi, hafifu kiasi kwamba ukilikazia macho linapotea, ukitazama pembeni yake linarudi.

Mara ya kwanza mimi nililiita wingu. Tulikuwa kwenye ngalawa na mzee mmoja wa Kilindoni, nikamwambia, "Babu, naona mvua inajikusanya kule kusini, si tugeuze?" Akatazama, akacheka. "Hilo nalijua tangu nina meno yote, mjukuu wangu. Hilo halinyeshi."

Kosa langu lilikuwa na wenzake. Antonio Pigafetta, aliyekuwa kwenye msafara wa Ferdinand Magellan wa 1519 hadi 1522, aliandika juu ya mawingu mawili ya anga la kusini, na baadaye jina la nahodha likayagandia: Wingu Kubwa la Magellan na Wingu Dogo la Magellan. Watu wa kusini mwa dunia walikuwa wakiyaona miaka na miaka kabla ya nahodha huyo kuzaliwa, na mwaka 2023 baadhi ya wanaastronomia wenyewe walianza kudai jina libadilishwe. Mpaka leo halijabadilishwa, basi tulitumie.

La babu ni lile Dogo. Ni galaksi kamili, iliyo nje ya galaksi yetu ya Njia Nyeupe, umbali wa miaka ya nuru 200,000 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Huitwa galaksi kibete kwa sababu ya udogo wake: Njia Nyeupe ina nyota zaidi ya bilioni 100, ilhali Wingu Dogo lina mamia ya mamilioni, hesabu nyingine zikifika bilioni chache. Ndani ya doa hilo kuna fungu la nyota ambalo jicho tupu haliwezi kulitenga, lakini limewasumbua wataalamu kwa miaka ishirini. Namba yake ni NGC 346. Kisa chake kina mafundo kadhaa, na fundo kubwa linahusu sayari. Tutalifikia.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ukisoma habari za NGC 346 utaona mara inaitwa fungu la nyota, mara nebula, mara "eneo la uzazi wa nyota", mara N66. Yote ni sawa, ila hayamaanishi kitu kimoja. Galaksi ndiyo mji. Ndani ya mji kuna mtaa, nao ni nebula: wingu kubwa la gesi na vumbi, hili likiwa wingu kweli. Ndani ya mtaa kuna kaya, yaani nyota zilizozaliwa na gesi hiyo na bado zinakaa pamoja. James Dunlop, Mskoti aliyekuwa akichungulia anga kutoka Parramatta, Australia, ndiye aliyeiandika kaya hii kwa mara ya kwanza mwaka 1826. Orodha ya NGC ya 1888, ya nebula na mafungu ya nyota, ikaipa namba 346. Karl Henize alipoorodhesha nebula za Mawingu ya Magellan mwaka 1956, mtaa wenyewe ukapata jina la N66. Kwa kuwa kaya na mtaa haviachani, watu wakazoea kuita vyote NGC 346.

Halafu kuna neno "wazi". NGC 346 huhesabiwa miongoni mwa mafungu wazi ya nyota, na msomaji ana haki ya kuuliza: wazi kwa nani? Hapa Mswahili hahitaji darubini, kwa sababu fungu wazi maarufu kuliko yote analo kwenye methali. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima na manahodha walikitumia Kilimia kupanga msimu, na waliona nyota sita au saba zikiwa zimekusanyika. Darubini huonyesha zaidi ya elfu moja, zote zilizaliwa pamoja takriban miaka milioni 100 iliyopita, ziko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi. Zimekaa kwa nafasi, unaweza kupenya kati yake kwa jicho. Ndiyo maana ya "wazi". Na mshikamano wake ni dhaifu. Baada ya mamia ya mamilioni ya miaka kila nyota hushika njia yake, kama wanafunzi wa darasa moja baada ya kumaliza shule. Jua letu nalo yaelekea lilizaliwa kwenye fungu la namna hii miaka bilioni 4.6 iliyopita, na ndugu zake hatuwajui tena kwa sura.

Kinyume cha fungu wazi kinaonekana palepale, kulia kidogo kwa Wingu Dogo. Kuna kitu kama nyota yenye ukungu, kinaitwa 47 Tucanae. Hilo ni fungu la mviringo: mamia ya maelfu ya nyota zilizobanana kama nyuki mzingani, zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 10. Usidanganyike na ujirani wake na Wingu Dogo. 47 Tucanae liko umbali wa miaka ya nuru 15,000 tu, ndani ya himaya ya Njia Nyeupe. Limesimama mbele ya Wingu Dogo kama mti ulio mbele ya mlima.

Sasa NGC 346 yenyewe. Ni changa ajabu. Nyota zake kubwa zina umri wa miaka milioni 3 hivi, na katika mambo ya nyota hiyo ni kama mtoto ambaye bado hajakata kitovu. Umri huo unajulikanaje? Kwa kuangalia nani bado yuko hai. Nyota kubwa sana ni moto wa makuti: hupanda juu, humulika kijiji kizima, mara umekwisha. Nyota yenye uzito wa majua 40 huishi miaka milioni chache tu. Nyota ya ukubwa wa Jua ni gogo la mkwaju linalofuka usiku kucha. Huchukua miaka bilioni 10. Ukikuta fungu lenye makuti yanayowaka, ujue moto umewashwa sasa hivi. NGC 346 ina zaidi ya nyota 30 za aina ya O, aina ya moto kuliko zote, halijoto ya uso wake ikizidi nyuzi 30,000. Mionzi yao ya urujuanimno na upepo wao ndivyo vilivyochimba pango katikati ya nebula, na kingo za pango hilo ndizo zinazong'aa kwenye picha zote unazoziona.

Mmoja wa wakazi wa mtaa huo, angalau kwa upande tunaouona sisi, ni HD 5980. Ukiitazama harakaharaka ni nyota moja, ila ni mfumo wa nyota kadhaa, mbili kati yake zikiwa na uzito wa majua 60 hivi kila moja na zikizungukana kwa siku 19 tu. Mwaka 1994 mojawapo ililipuka, si kwa kufa, ila kwa kutapika gesi, na kwa miezi michache mfumo huo ukawa ndio unaong'aa kuliko nyota nyingine zote za Wingu Dogo.

Namba hii ya miaka ya nuru 200,000 niliyoitaja kwa wepesi ina historia ndefu, na Wingu Dogo ndilo lililotoa ufunguo wake. Simama ufukweni Bagamoyo usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Unaona karabai zao baharini, nyingine kali, nyingine hafifu. Hiyo hafifu, ni ndogo au iko mbali? Huwezi kujua. Lakini tuseme kundi zima la vyombo limetia nanga kwenye mwamba mmoja wa mbali. Hapo tofauti ya umbali kati ya chombo na chombo haina maana tena, kwa hiyo taa inayoonekana kali ni kali kweli.

Ndivyo alivyofanya Henrietta Swan Leavitt katika kituo cha nyota cha Harvard, Marekani. Alikuwa na uziwi, alilipwa senti 30 kwa saa, na kazi yake ilikuwa kukagua vioo vya picha vilivyopigwa kutoka Arequipa, Peru, akitafuta nyota zinazopanda na kushuka mwanga. Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 za namna hiyo katika Mawingu yote mawili. Mwaka 1912 alizichukua 25 za Wingu Dogo, zinazoitwa sefeidi, akaonyesha kwamba kadiri taa ilivyo kubwa ndivyo inavyopumua polepole. Kwa kuwa zote zilikuwa "kwenye mwamba mmoja", uhusiano huo ulikuwa wa taa zenyewe, haukuwa kiini macho cha umbali. Tangu hapo ukiona sefeidi popote, hesabu siku za pumzi yake, utajua ukubwa wa taa. Linganisha na mwanga unaokufikia, utajua umbali. Edwin Hubble alipothibitisha kwamba kuna galaksi nyingine nje ya yetu, alitumia kipimo hicho. Kwa hiyo heshima ya doa lile la ukungu ni kubwa kuliko sura yake.

Twende kwenye fundo la umaskini.

Wanaastronomia wana lugha moja ya ajabu: kila kitu kilicho kizito kuliko hidrojeni na heli wanakiita metali. Oksijeni unayovuta kwao ni metali. Kaboni ya mkaa wako ni metali. Mwanakemia akisikia hushika kichwa, lakini kwa hesabu zao ina mantiki, kwa sababu ulimwengu ulianza na hidrojeni, heli na chembe tu za vingine. Vilivyobaki vyote vimepikwa ndani ya nyota na kumwagwa nje nyota zinapokufa. Katika kila kilo 100 za Jua, "metali" ni kilo moja na ushee tu. Wingu Dogo lina takriban moja ya tano ya kiwango hicho. Galaksi ndogo hupika polepole, na kwa kuwa mvutano wake ni dhaifu, sehemu ya kilichopikwa humwagika nje ya chungu.

Umaskini huo ndio unaoipa NGC 346 thamani. Galaksi nyingi za zamani, miaka bilioni mbili au tatu baada ya Mlipuko Mkuu, wakati nyota zilipokuwa zikizaliwa kwa wingi kuliko wakati wowote, zilikuwa na hali ya kemia inayofanana na ya Wingu Dogo la leo. Galaksi hizo tukizitazama moja kwa moja ni vinukta. Huwezi kutenga nyota moja ndani yake, sembuse nyota ndogo kama Jua. Wingu Dogo liko mlango wa pili. Kinachotokea NGC 346 ni mchezo uleule wa zamani, ukichezwa upya jirani kiasi kwamba unaweza kumwona mchezaji mmojammoja.

Na umaskini una matokeo ya moja kwa moja. Ili wingu la gesi lijikunje na kuwa nyota, lazima lipoe. Gesi yenye joto husukuma nje na kukataa kubanwa. Wapozaji wakuu ni molekuli kama monoksidi ya kaboni na vumbi, na vyote viwili vinahitaji hizo "metali". Vumbi pia ni pazia: huzuia mionzi mikali isipenye ndani ya wingu. Penye vumbi haba, kupoa ni kazi na pazia ni jembamba. Ungetegemea eneo la hivyo lisuesue. NGC 346 haisuisui. Darubini ya angani Hubble ilipoipiga picha mwaka 2004, watafiti walihesabu ndani yake watoto takriban 2,500, yaani nyota ambazo bado hazijaanza kuunguza hidrojeni kitovuni.

Gesi hiyo inafikaje katikati? Mwaka 2022 timu mbili zilitoa jibu moja kwa njia mbili. Elena Sabbi na wenzake walilinganisha picha za Hubble zilizopishana miaka 11, wakapima nyota zimesogea kiasi gani kando kwa kando. Peter Zeidler na wenzake walitumia darubini ya VLT iliyoko Chile kupima mwendo wa kuja na kwenda, yaani nyota inatukaribia au inatukimbia. Wote waliona jambo lile lile: nyota na gesi vinaingia katikati kwa kuzunguka, kama maji yanayoshuka kwenye tundu la karo. Mwendo wenyewe ni kilomita 3,200 kwa saa hivi. Kwa miaka 11 ni kilomita milioni 320, mara mbili ya umbali wa kutoka hapa hadi kwenye Jua. Ni kubwa? Nilikaa na kikokotoo. Kwa umbali ule, ni sawa na kusimama hapa duniani ukagundua kwamba kitu kilichoko mwezini kimesogezwa sentimita sita na nusu. Hakuna anayeweza kuapa kwa nyota moja kwa kipimo hicho. Walichofanya ni kuchukua nyota nyingi kwa pamoja, mpaka mkondo ukajionyesha.

Fundo kubwa sasa. Nyota inapozaliwa haizaliwi peke yake. Gesi na vumbi lililobaki hukaa kuizunguka kwa umbo bapa. Wataalamu huliita diski, mimi nitaliita sinia, kwa sababu humo ndimo sayari hupikwa na kupakuliwa. Dunia yetu na Mshtarii vilitoka kwenye sinia la Jua. Sinia halidumu. Sehemu ya gesi huangukia nyota mama, sehemu hupeperushwa na mwanga wake. Katika mafungu machanga yaliyo karibu nasi, ndani ya Njia Nyeupe, masinia mengi hutoweka baada ya miaka milioni mbili au tatu. Yanayofika milioni 10 ni machache. Kwa hiyo sayari kubwa ya gesi kama Mshtarii iko mbioni tangu siku ya kwanza: ijikusanyie chakula kabla meza haijaondolewa.

Kwa galaksi maskini hesabu zilisema hali ni mbaya zaidi. Vumbi kidogo, sinia jepesi, mionzi inapenya bila pazia. Sinia litakauka upesi na sayari hazitapata muda. Lakini kulikuwa na ushahidi uliokaa vibaya na hesabu hizo. Mwaka 2003 Hubble ilithibitisha kwamba kitu kinachozunguka mabaki ya nyota katika fungu la mviringo la M4 ni sayari kubwa kuliko Mshtarii. M4 ni zee, karibu umri wa ulimwengu wenyewe, na "metali" zake ni haba. Kama sayari hiyo ilizaliwa humo, ilipikwa kwa viungo gani?

Baada ya hapo Guido De Marchi na wenzake wakaanza kuona ajabu ndani ya NGC 346. Walitafuta nyota zinazotoa mwanga mwekundu wa hidrojeni kuliko kawaida, kwa sababu gesi inayoangukia nyota hupata moto na kuwaka kwa rangi hiyo. Ni kama kuona moshi jikoni: unajua kuna mtu bado anapika. Walizipata kwa mamia. Ila zilipopangwa kwa umri, hazikuwa zote changa. Kundi moja lilikuwa na miaka milioni moja au mbili, sawa. Kundi la pili lilikuwa na miaka milioni 20 hadi 30, na bado lilikuwa linalishwa na masinia ambayo yalipaswa kuwa yamekauka zamani.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi: fungu lina miaka milioni 3, nyota zenye milioni 20 zimetoka wapi? Ni wa kizazi cha kabla. Mtaa huo umezaa zaidi ya mara moja. Wale wakubwa wametapakaa kote na hawakujazana pale katikati, wakati watoto wamekusanyika kwenye gesi nzito. Kwenye picha wanaonekana kundi moja, kama bibi na wajukuu kwenye picha ya harusi.

Wengi hawakuamini, na mimi nasema walikuwa na haki. N66 nzima inawaka mwanga huohuo mwekundu wa hidrojeni. Ukipima nyota hafifu iliyoko katikati ya mtaa unaong'aa kwa rangi ileile, utajuaje kwamba hujapima mwanga wa mtaa? Kudai kwamba kuna moshi jikoni wakati kijiji kizima kimefunikwa na moshi kunataka kipimo bora zaidi.

Kipimo kikaja na darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, yenye kioo cha mita 6.5 na macho ya infraredi yanayopenya vumbi. Picha yake ya NGC 346 ilitolewa Januari 2023 na ikazunguka mitandaoni kwa sababu ya uzuri. (Zile rangi si za macho yetu, zimepangwa na wataalamu. Waridi ni hidrojeni iliyopashwa hadi nyuzi 10,000 hivi, rangi ya chungwa ni hidrojeni nzito na baridi, nyuzi 200 chini ya sifuri au zaidi.) Lakini iliyoamua kesi haikuwa picha, ilikuwa ala moja iitwayo NIRSpec. Ndani yake kuna vijidirisha takriban 250,000, kila kimoja kina milimita 0.1 kwa 0.2, na kila kimoja hufunguliwa au kufungwa peke yake kwa amri. Unafungua kijidirisha kimoja juu ya nyota, kingine juu ya gesi iliyo ubavuni mwake. Unauchambua mwanga wa vyote viwili rangi kwa rangi, kisha unatoa wa mtaa kwenye wa nyota. Kinachobaki ni cha nyota.

Desemba 2024 matokeo yakachapishwa. Katika nyota kumi walizozichunguza kwa njia hiyo, alama za gesi inayoangukia nyota zilibaki hata baada ya moshi wa mtaa kuondolewa, na hidrojeni ya kimolekuli ikaonekana nayo, iliyo baridi kuliko ile inayoangukia nyota, ya sinia lenyewe. Umri wao: miaka milioni 20 hadi 30 kwa hao wakubwa. Yaani masinia ya galaksi maskini hudumu mara kumi hivi ya yale ya kwetu.

Kwa nini? De Marchi na wenzake walitoa njia mbili. Ya kwanza: kinachopeperusha sinia ni msukumo wa mwanga wa nyota, na mwanga husukuma vizuri zaidi penye elementi nzito za kushikia. Tanga lenye matundu halibebi upepo. Sinia lenye "metali" chache linampa upepo mahali pachache pa kushika, basi linakaa. Ya pili: ili nyota kama Jua izaliwe kwenye gesi isiyopoa kirahisi, lazima wingu la mwanzo liwe kubwa zaidi, wingu kubwa huacha sinia kubwa, na sinia kubwa huchukua muda mrefu kumalizika hata likipeperushwa kwa kasi ileile. Njia zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mimi ya kwanza inanivutia zaidi, kwa sababu inageuza hoja ya zamani chini juu: kile kile kilichodhaniwa kuua sinia ndicho kinacholilinda. Lakini kuvutiwa si ushahidi, na nyota kumi ni nyota kumi.

Tusizidishe pia. Hakuna sayari iliyoonekana NGC 346. Kwa umbali ule haiwezekani bado. Kilichoonekana ni meza ambayo haijaondolewa. Kama muda ni mara kumi, mpangilio wa sayari zinazopikwa humo unaweza kuwa tofauti kabisa na wa kwetu, na hesabu za namna Mshtarii alivyozaliwa kwa haraka zinahitaji kupimwa upya kwa ulimwengu wa zamani.

Kwa wasomaji wetu wa Muscat, samahani, Wingu Dogo halipandi hata kidogo juu ya upeo wenu; Ulaya ndiyo msiulize. Dar es Salaam linafika nyuzi 24 juu ya upeo, Nairobi nyuzi 18 na nusu, Lubumbashi karibu 29. Kadiri unavyokwenda kusini ndivyo linavyopanda.

Ukilipata, kuna mtu pembeni atakwambia ile kauli ya siku zote: unachokiona ni cha zamani, huenda hakipo tena. Mwambie inategemea. Nuru hiyo iliondoka huko miaka 200,000 iliyopita. Kwa zile nyota za moto wa makuti, miaka 200,000 ni sehemu ya maisha isiyo ya kupuuzwa, na kwa kuwa ni zaidi ya 30, si ajabu mojawapo ikawa imeshalipuka na habari ziko njiani. Lakini kwa nyota ndogo yenye miaka milioni 30, ni kama kumtazama mzee wa miaka 75 kwenye picha iliyopigwa miezi sita nyuma. Sinia lake, kwa hesabu yoyote ya akili, bado lipo mezani usiku wa leo.